Jicho Linapozoea Mstari: Kuhusu Istilahi za Mkao, Mwinamo na Uzoeaji

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya elimu ya viumbe na vya elimunafsi limo neno moja la Kiingereza ambalo baadhi yao, baada ya kuhangaika nalo, huamua kuliandika "adaptesheni" na kupita. Wengine huliita kuzoea, wengine kuchoka, wengine kurekebika, na wengine kukabiliana na mazingira. Kwa juu juu maneno haya yote huonekana kuwa yanafaa, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku mtu aliyezoea jambo aghalabu amekwisha kujirekebisha kwalo, na aliyelifanya kwa muda mrefu huwa amechoka. Lakini katika sayansi kila moja la maneno haya hudai jambo lake peke yake, na mengine hudai jambo ambalo majaribio yamekwisha kulikanusha.

Katika makala haya tumekusudia kulichunguza tatizo hili kwa kulishika tukio moja tu, nalo ni namna utambuzi wa macho unavyobadilika baada ya kutazama kwa muda mistari iliyoinama. Tumelichagua tukio hilo kwa sababu mbili. Kwanza, msomaji anaweza kulijaribu yeye mwenyewe kwa karatasi, rula na kalamu, bila ya kuhitaji maabara. Pili, hapa ndipo mahali ambapo kosa la istilahi huweza kumdhuru mtu, na hasa mtoto mdogo, kama tutakavyoonyesha.

1. Majina ya mistari

Mafundi wetu hawana upungufu wa maneno katika jambo hili. Mwashi husema ukuta umesimama wima baada ya kuupima kwa timazi, na husema safu ya matofali imelala sawa baada ya kuipima kwa pimamaji. Seremala hukata ubao hanamu. Kitu kilichopotoka huambiwa kimekwenda kombo, upogo au benibeni. Katika hayo, wima na mlalo yamekwisha kukubalika katika vitabu vya hesabu, na hapana haja ya kuyagusa. Kwa mstari usiokuwa wima wala mlalo tunapendelea neno mshazari, na neno hanamu tuwaachie mafundi kwa maana yao ya mkato. Maneno kombo, upogo na benibeni yana ladha ya lawama: humaanisha kwamba kitu kilipaswa kunyooka nacho hakikunyooka. Mstari uliochorwa mshazari kwa makusudi ya jaribio haukukosea kitu, kwa hiyo haustahili kulaumiwa.

Ugumu huanza tunapotafuta jina moja la kujumlisha hali hizi zote: kuwa wima, kuwa mlalo, au kuwa mshazari kwa kiasi fulani. Wafasiri wengi huandika "mwelekeo wa mstari". Neno mwelekeo hutokana na kuelekea, na kinachoelekea kina mbele na nyuma. Mshale una mwelekeo. Basi liendalo Morogoro lina mwelekeo. Mstari mtupu uliochorwa ukutani hauelekei popote. Tofauti hii si ya ubishi wa maneno, kwa maana inaweza kupimwa. Ukiugeuza mshale nyuzi 180 utakuwa unaonyesha upande wa pili, na itakubidi uuzungushe nyuzi 360 ndipo urudi ulivyokuwa. Ukiugeuza mstari usio na kichwa nyuzi 180, hakuna atakayetambua kwamba umeguswa.

Vitabu vinavyohusu uoni huzihitaji dhana hizi mbili mbalimbali, na mara nyingine huzihitaji katika sentensi moja. Zimo katika ubongo seli ambazo huchangamka unapopita mbele ya jicho mstari uliosimama wima na kuelekea kulia, lakini hunyamaza mstari ule ule uliosimama wima unapoelekea kushoto. Mfasiri mwenye neno mwelekeo peke yake ataandika kwamba seli hiyo "hujibu mwelekeo wa wima wenye mwelekeo wa kulia", na mwanafunzi atabaki kukuna kichwa. Kwa hiyo tunashauri hali ya mstari iitwe mkao, na upande unakokwenda ndio uitwe mwelekeo. Seli ile, basi, huchagua mkao wa wima na mwelekeo wa kulia. Neno mwinamo litumike kutaja kiasi: mstari mshazari wenye mwinamo wa nyuzi 15 kutoka wima.

Hata historia ya elimu hii huonyesha faida ya kuyatenga maneno hayo. Mwaka 1834 Robert Addams alieleza jinsi alivyoyatazama kwa muda maporomoko ya maji ya Foyers huko Uskoti, kisha akahamishia macho yake kwenye miamba iliyokuwa kando. Miamba ile ikaonekana inapanda juu. Hilo ni tukio la mwelekeo. Tukio tunaloliandikia makala haya ni la mkao, nalo lilingoja miaka mia moja baadaye kuchunguzwa.

2. Jaribio lenyewe

Msomaji achukue karatasi mbili. Katika ya kwanza achore kwa rula mistari minene ishirini hivi iliyo sambamba, yote ikiwa na mwinamo wa nyuzi 15 kutoka wima, ncha zake za juu zikilalia kulia. Katikati ya karatasi hiyo achore kistari kifupi cha mlalo. Katika karatasi ya pili achore mistari ya namna ile ile, lakini iliyo wima kabisa. Azitundike zote mbili ukutani, asimame wima bila ya kuinamisha kichwa, kisha ayatembeze macho yake taratibu juu ya kile kistari kifupi cha karatasi ya kwanza kwa muda wa dakika moja au mbili. Halafu ahamie upesi kwenye karatasi ya pili. Kwa muda mfupi mistari ambayo yeye mwenyewe aliichora wima itaonekana imeinama kidogo kushoto. Kuhama huko hakuzidi nyuzi chache, nako huisha pole pole.

Msomaji asidhani kwamba hii ni ile taswira inayobaki machoni baada ya kuikodolea taa. Taswira ile hutokea jicho linapotulia mahali pamoja. Ndiyo maana tumemwambia ayatembeze macho yake, ili mistari isikae mahali pamoja ndani ya jicho. Tunashauri ile ya taa iitwe taswira baki, na hii ya mistari iitwe athari baki. Katika ya kwanza mtu huona kitu ambacho hakipo. Katika ya pili kitu kipo, ila huonekana kwa mkao usio wake.

Aliyelifungua jambo hili ni James Gibson wa Marekani. Mwaka 1933 alitoa matokeo ya majaribio ambayo watu walivaa miwani ya prizimu iliyofanya mistari iliyonyooka ionekane imepinda. Baada ya muda mpindo ulionekana kupungua, na miwani ilipovuliwa mistari iliyonyooka ilionekana imepinda upande wa pili. Kisha akagundua kwamba miwani haikuwa ya lazima. Ilitosha kutazama mistari iliyopinda kwelikweli. Mwaka 1937 yeye pamoja na Minnie Radner wakalipima jambo hilo kwa mistari iliyoinama, na matokeo yao ndiyo hayo ambayo msomaji ameyaona ukutani kwake.

3. Kwa nini tusiseme macho yamechoka

Tafsiri inayowajia wengi upesi ni kwamba "macho yamechoka". Ni tafsiri tamu kwa sikio, lakini inapotosha kwa njia mbili.

Kwanza, inataja mahali pasipo penyewe. Msomaji alirudie jaribio lake akiwa amefumba jicho la kushoto muda wote wa kutazama mistari iliyoinama. Kisha afumbe la kulia, na mistari iliyo wima aitazame kwa la kushoto, ambalo halikuona mistari ile ya kwanza hata kidogo. Athari baki itatokea vile vile, ingawa itakuwa hafifu zaidi. Jicho lililokuwa limefumbwa halikufanya kazi, basi lichoke kwa nini? Jambo hili limetendeka mahali ambapo habari za macho mawili hukutana, napo ni katika ubongo.

Mahali hapo pamepata kujulikana vizuri kutokana na kazi ya David Hubel na Torsten Wiesel. Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walikuwa wakisikiliza kwa sindano nyembamba ya umeme seli moja moja za ubongo wa paka aliyelazwa usingizi kwa dawa. Walimwonyesha madoa meusi na meupe kwa muda mrefu bila ya kupata la maana. Walipokuwa wakiingiza kipande cha kioo katika mashine ya kuonyeshea picha, seli ile ikachangamka ghafla. Haikulijibu doa, ililijibu kivuli cha ukingo wa kioo kilichopita kama mstari, kikiwa katika mkao mmoja maalumu. Matokeo yao ya kwanza yalichapishwa mwaka 1959, na mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Roger Sperry. Tangu hapo imefahamika kwamba katika sehemu hiyo ya ubongo seli nyingi zina mkao zinaoupendelea, hii wima, ile mlalo, nyingine mshazari wa kiasi fulani.

Mwaka 1969 Colin Blakemore na Fergus Campbell wa Cambridge waliwaonyesha watu mistari sambamba, myeusi na myeupe kwa kupishana, kwa muda. Baadaye watu hao walishindwa kuitambua mistari hafifu yenye mkao ule ule, ilhali mistari hafifu yenye mkao wa mbali waliitambua kama kawaida. Kama jicho zima lingekuwa limechoka, lingepungukiwa kwa mistari yote.

Pili, uchovu huondoka kwa kupumzika. Mwaka 1965 Celeste McCollough aliwaonyesha watu mistari ya wima katika rangi moja na ya mlalo katika rangi nyingine, kwa zamu, kwa dakika chache. Baadaye mistari myeusi na myeupe iliyo wima ilionekana ina rangi hafifu iliyo kinyume cha ile ya kwanza, na ya mlalo kadhalika. Athari baki hiyo haihami kutoka jicho hili hadi lile, na kwa hilo haifanani na ile ya mwinamo. Lakini jambo tunalotaka lizingatiwe ni muda wake: Jones na Holding walionyesha mwaka 1975 kwamba inaweza kudumu karibu miezi mitatu. Hatujui uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao kwa miezi mitatu kwa sababu ya kazi ya robo saa.

4. Kwa nini tusiseme kurekebika

Wafasiri waliokwepa neno kuchoka wamekimbilia kurekebika. Hapa pana tatizo la namna nyingine, nalo ni kwamba neno hili limechukua upande katika ubishi wa wanasayansi.

Gibson alidhani kwamba ubongo hujirekebisha: mstari ulioinama ukitazamwa kwa muda huanza kuonekana kana kwamba unasogelea wima, na vipimo vyote husogea pamoja nao, hata ulio wima kweli huonekana umepita upande wa pili. Waliokuja baada ya Hubel na Wiesel walitoa maelezo mengine. Tuyafananishe na baraza la wazee ambamo kila mmoja hutetea mkao wake, na uamuzi hutokana na uzito wa sauti zote kwa jumla. Wazee wa upande wa kulia wakinena muda mrefu, sauti zao hupungua nguvu. Ukiletwa mstari ulio wima, sauti za kulia huwa zimefifia na za kushoto zingali na nguvu, kwa hiyo uamuzi wa baraza huvutika kushoto.

Maelezo yote mawili hutabiri lile aliloliona msomaji. Yanaachana tukileta mstari ulioinama kuliko ule uliozoewa, tuseme nyuzi 25 baada ya kuzoea nyuzi 15. Kwa kauli ya Gibson mstari huo nao ungesogea kuelekea wima. Kwa kauli ya baraza ungesukumwa mbali zaidi na wima. Vipimo vimeonyesha kwa sehemu kubwa kwamba husukumwa mbali. Hata hivyo, mstari wenye mkao wa mbali sana, kiasi cha nyuzi 70 au 80 kutoka ule uliozoewa, huvutwa kidogo upande wa ule uliozoewa, na jambo hilo halielezwi kwa wepesi na mojawapo ya kauli hizo katika sura yake ya kwanza. Wapo pia wanaoona kwamba kupungua kwa sauti za wazee wale si udhaifu, bali ni njia ya ubongo kuokoa nguvu na kukaa tayari kwa jambo jipya.

Ubishi wa namna hii haumalizwi na mfasiri. Istilahi itaje lile linaloonekana, na maelezo ya sababu yaachiwe sentensi zinazofuata. Tukiliita tukio lenyewe kurekebika au kuchoka, mwanafunzi atakuwa amefundishwa jibu kabla ya kuulizwa swali, na siku wanasayansi watakapobadili rai kitabu chetu kitakuwa kinajipinga chenyewe.

5. Kuzoea na kudumaa

Limebaki neno kuzoea. Kosa lake ni kwamba limekuwa likitumiwa kwa mambo mawili ambayo sharti yatengwe.

Mwaka 1970 Blakemore na Grahame Cooper waliwalea paka wachanga gizani, isipokuwa kwa saa chache kila siku ambapo waliwaweka ndani ya pipa lenye mistari ya mkao mmoja tu. Walioona mistari ya wima peke yake walikua bila ya kujali fimbo iliyoshikwa mlalo mbele yao, na katika ubongo wao hazikupatikana seli zilizopendelea mkao ule ambao hawakuuona utotoni. Watafiti wengine, akiwemo Michael Stryker mwaka 1975, hawakupata matokeo makali kiasi hicho, lakini kwamba mambo yanayoonwa utotoni yana sehemu katika kuujenga uoni ni jambo lililothibitishwa kwa njia nyingi.

Kwa binadamu ushahidi umo katika kasoro moja ya jicho ambayo si adimu, nayo ni ile ambamo uso wa mbele wa jicho haukupinda sawasawa pande zote. Mwenye kasoro hiyo huweza kuona wazi mistari ya mkao mmoja huku ya mkao mwingine ikiwa na ukungu. Mwaka 1972 na 1973 Freeman, Mitchell na wenzao waliwapima watu wazima waliokuwa nayo. Wengine, hata walipowekewa lenzi zilizoondoa kasoro yote ya jicho, waliendelea kuona vibaya mistari ya mkao ule ule uliokuwa na ukungu tangu utotoni. Lenzi ilikuwa imelisahihisha jicho, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kujengeka bila ya habari hizo.

Sasa tumchukue mwuguzi anayetafsiri karatasi ya maelezo kwa wazazi, akaandika: "Jicho la mtoto limezoea ukungu." Kwa Kiswahili chetu, kuzoea ni neno la faraja. Mgeni anayelalamikia joto la pwani huambiwa "utazoea", maana yake taabu itakwisha yenyewe. Mzazi atakayeisoma sentensi ile atashukuru Mungu na kurudi nyumbani, na miwani itangoja mpaka mtoto awe mkubwa, wakati ambapo huenda isisaidie kama ambavyo ingemsaidia mapema. Sentensi ile ilikusudiwa kumharakisha, nayo imemtuliza. Kumbe lipo neno ambalo kila mzazi hulielewa na hulihofu: kudumaa. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha hudumaa mwili. Asiyepata kuona wazi mkao fulani hudumaa uoni wa mkao huo. "Uoni wa mtoto utadumaa asipopata miwani mapema." Hakuna atakayeisoma sentensi hiyo akasubiri.

6. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunaleta mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo:

Mkao: hali ya mstari kuwa wima, mlalo au mshazari.
Mwelekeo: upande ambao kitu kinaelekea au kinakwenda.
Mwinamo: kiasi cha mstari kuachana na wima, kwa nyuzi.
Taswira baki: picha inayobaki baada ya kukodolea kitu mahali pamoja.
Athari baki: kubadilika kwa muda kwa namna kitu kinavyoonekana, baada ya kutazama kingine.
Uzoeaji: badiliko la muda la utambuzi kutokana na kutazama kitu kwa mfululizo, ambalo huondoka lenyewe.
Kujengeka kwa uoni: badiliko la utotoni ambalo hudumu.
Kudumaa kwa uoni: kukosekana kwa sehemu ya ujenzi huo.

Tumechagua uzoeaji badala ya uzoefu kwa sababu uzoefu umekwisha kuwa na kazi yake, nayo ni maarifa aliyonayo mtu kwa kufanya jambo miaka mingi. Tumeliacha "adaptesheni" kwa kuwa msikilizaji halimwambii lolote, na kwa kuwa Kiingereza chenyewe hulitumia neno hilo kwa jicho linalozoea giza, kwa viumbe wanaobadilika vizazi kwa vizazi, na kwa riwaya inayogeuzwa mchezo wa kuigiza. Neno linalochosha wenyewe kwa maana nyingi halina haja ya kuja kutuchosha na sisi.

Wahenga wamesema mazoea yana taabu. Wafasiri nasi tumezoea maneno yetu, na kwa kuyatazama muda mrefu huenda hatuoni tena kwamba yameinama. Mwashi hodari hujua hilo kuhusu macho yake, ndiyo maana huwa hakosi timazi mfukoni. Tunawaomba walimu, wauguzi na watumishi wanaoshughulika na tafsiri wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, watuletee sentensi ambamo yamefaa, na zaidi zile ambamo hayakufaa.